Nimetoboa, nimebandika, nimejuta: boti ya alumini ya futi 14 uani kwangu Sahare

#1 DebeTupu

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, si mwandishi, ila Jumamosi nimeng'oa zulia la boti yangu nikaona jambo lililonikalisha chini. Boti iko juu ya magogo, mimi nimo ndani nimeinama, na chini ya miguu yangu kuna mwanga. Vitundu vitatu, kila kimoja kama punje ya mtama, na mchanga wa uani nauona.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka juzi mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake aliuza vitu vyake vyote, na kwenye gereji alikuwa na boti ya bati la alumini, futi 14, tumbo bapa, iliyotengenezwa Marekani. Wenyewe wanaziita jon boat, wanavulia kwenye maziwa na mito yao. Bei sitaji, mama watoto anasoma humu. Siku naishusha kwenye kenta watoto wa mtaa waliizunguka wakaipiga makonzi wasikie mlio, na mzee mmoja anayeshona jarife, wavu wake wa kuvulia, chini ya mkungu akauliza bila kuinua kichwa: "Debe la nani hilo?" Jina likaganda. Sisi tunajua ngalawa, mtumbwi, dau, mashua, na siku hizi faiba. Bati ni langu peke yangu.

Basi nikafanya kosa la mtu mwenye bando la usiku. Nikaangalia video za Wamarekani wanaogeuza boti kama hii kuwa sebule: sakafu ya plaiwudi, zulia ukuta hadi ukuta, jukwaa mbele la kusimama na fimbo, betri kubwa, taa za buluu pembeni. Nikaiga kila kitu. Fremu nikaunga kwa mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, nikiamini hazitaoza. Skrubu nikanunua za shaba ya njano, nikiamini hazitashika kutu. Zulia nikagundisha chini na kwenye mbavu zote. Miezi kumi na minne nimevua nayo nyuma ya kisiwa cha Toten na kuelekea Ulenge, na kila siku maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, yalikuwa yanaongezeka. Nikasema ni mawimbi tu yanaruka.

Chini ya zulia nimekuta unga mweupe kama chokaa, na bati limeliwa vidonda vidonda kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Panapopita fremu ya mbao ndipo palipo pabaya kabisa.

Naomba msaada: nichomelee? Nizibe na gundi? Au niuze kwa watu wa chuma chakavu nirudi kwenye mtumbwi?

#2 KitiChaMbele

Nimeshakaa. Picha mkuu?

#3 KibuaMkavu

Hii chai. Alumini haishiki kutu, ndiyo maana madirisha yote ya mjini siku hizi ni alumini. Labda uliuziwa bati la chuma limepakwa rangi.

#4 DebeTupu

Sumaku haishiki, mkuu. Na mtu mmoja anaibeba upande, mwingine upande. Chuma cha futi 14 usingeinua hata gubeti yake, ile pua ya mbele.

#5 FundiBaridi

KibuaMkavu una haki nusu. Alumini ikiwa peke yake, safi, inapata hewa, inajitengenezea ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda. Ukiikwaruza, ngozi inarudi papo hapo. Bati la boti kwa kawaida ni la kundi la 5000, aloi kama 5052 au 5083, na hilo hukaa baharini bila rangi miaka na miaka. Madirisha ni aloi nyingine.

Sasa ndugu DebeTupu, wewe umeifanyia mambo matatu kwa mpigo, na lolote kati ya hayo lingetosha.

Kwanza, skrubu za shaba. Weka alumini na shaba kwenye maji ya chumvi umetengeneza betri, na kwenye betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Sarafu moja ya shaba ikidondoka kwenye ngama ikaachwa humo inaweza kutoboa boti.

Pili, hizo mbao za dawa. Ile rangi ya kijani ni shaba vilevile, imo ndani ya dawa pamoja na kromiamu na aseniki. Mbao ikilowa, shaba inachuruzika juu ya bati. Kwa paa la nyumba sawa, kwa boti ya alumini ni sumu. Ndiyo maana pabaya kabisa ni chini ya fremu.

Tatu, zulia. Linanyonya maji ya chumvi na kuyakandamiza kwenye bati siku nzima, usiku kucha, na hewa haiingii. Ile ngozi haipati nafasi ya kujirudisha. Huo unga mweupe ndio boti yako yenyewe, imegeuka.

Usiuze. Vitundu vitatu ni kazi ya wikiendi mbili.

#6 BintiChumbageni

Mimi boti sijui, sufuria najua. Sufuria ya alumini ukichemshia maharage na magadi inageuka nyeusi, ukichemshia ndimu inarudi kung'aa. Kwa hiyo kaka DebeTupu hilo debe lako usije ukalisugua kwa magadi.

#7 FundiBaridi

Dada umesema la maana kuliko mafundi wengi. Alumini haipendi kitu chenye magadi, chokaa wala saruji mbichi. Asidi hafifu kama ndimu au siki inaondoa ule weupe. Sugua na siki, suuza kwa maji matamu mengi, kausha. Brashi iwe ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma inaacha chembe zake kwenye bati, na steeli wulu ndiyo kabisa usiguse.

#8 MzeeWaKigombe

Mwanangu, sisi tumekulia kwenye vyombo. Chombo kikivuja unakipandisha wakati wa bamvua, maji makubwa, kinakaa pwani, unapiga kalafati, pamba na sifa ya mafuta ya papa, kisha unapaka deheni chini. Kinakaa miezi. Kwa nini msijaribu deheni kwenye hilo bati?

#9 DebeTupu

Shikamoo mzee wangu. Nilifikiria hilohilo, ila baada ya maneno ya sufuria nimeogopa. Deheni si chokaa na mafuta?

#10 MzeeWaKigombe

Marahaba. Chokaa na shahamu, ndiyo.

#11 FundiBaridi

Mzee heshima yako. Kwa mvule deheni haina mpinzani, wadudu wa mbao hawasogei. Kwa alumini ile chokaa ndiyo itakayomla. Na rangi za dukani za kuzuia chaza na majani ya baharini, nyingi zina shaba ndani, nazo marufuku hapa. Kwa bahati boti hii analala nayo uani, haikai majini, kwa hiyo chini haihitaji kupakwa kitu.

Kalafati nayo haifai kwa sababu hakuna mfereji kati ya mbao na mbao. Bati limepandana, limeshikwa na ribiti. Maji yanapita kwenye ribiti zilizolegea.

#12 MzeeWaKigombe

Basi mtieni matengo iwe ngalawa.

#13 Nyamagana_Samaki

Mimi niko Mwanza, nina boti kama hiyo ziwani mwaka wa sita, zulia lipo na halijala kitu. Nadhani mnaogopesha watu. Na kipande cha kulinda bati, kile kinachofungwa ili kiliwe chenyewe badala yake, chagua cha magnesiamu, kinafanya kazi vizuri sana.

#14 FundiBaridi

Ziwa Victoria ni maji matamu ndugu yangu, umeme mdogo kama huu hausafiri vizuri humo. Hayo unayosema ni kweli kwako. Magnesiamu baharini inaisha haraka na inazidisha nguvu hadi rangi inabanduka. Bahari inataka zinki au alumini maalumu. Kwa boti inayopandishwa kila siku, angalia kile kipande kilicho kwenye mashine yenyewe: kisipakwe rangi, na kikibaki nusu kibadilishwe.

#15 DebeTupu

Nimeng'oa kila kitu. Fremu, plaiwudi, jukwaa, zulia, vyote viko kona ya ua na majirani wameanza kuuliza kama kuna kuni. Kwenye ubao wa nyuma nimekuta kibao kidogo cha kiwandani ambacho nilikuwa nimekifunika kwa zulia. Kimeandikwa watu 3, uzito wote wa watu, mashine na vifaa pauni 700, mashine isizidi farasi 15.

Pauni 700 ni kilo 317. Nikachukua kalamu, nikaandika nilichokuwa nabeba:

plaiwudi ya milimita 18, karatasi mbili, kilo 64 (karatasi moja ni kama 32)
fremu 15
zulia, likiwa limelowa, 10
betri ya gari 27
mashine farasi 15, ya tu-stroki, 36
tangi la lita 24 likijaa 20
nanga na kamba 10
mimi na shemeji 150

Jumla kilo 332.

Wakuu, nilikuwa nimezidisha kabla ya kipande cha barafu, kabla ya deli la kuhifadhia samaki, kabla ya kibua hata mmoja. Na siku zile za kolekole tulikuwa tunarudi na kilo arobaini na kujisifu.

#16 KitiChaMbele

Duh. Na shemeji yako nimemwona, siyo kilo 75 yule.

#17 NahodhaMstaafu

Nilikuwa nasoma kimya. Hicho kibao wamekipima kwa maji yaliyotulia. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, mamlaka ya hali ya hewa wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tumbo bapa la futi 14 halina kazi nje ya visiwa. Mimi hesabu ya kibao napunguza theluthi, ndipo natoka.

Kuna jambo lingine hamjalisema. Lile jukwaa la mbele. Tumbo bapa linadanganya: ukiwa umesimama katikati linatulia kama meza, unaona hakuna chombo imara kama hiki. Linapofika pembe fulani linageuka mara moja, halikuonyi. Wewe umemwinua mtu mguu mzima juu ya sakafu, uzito umepanda, na chini kuna maji ya ngama yanakimbilia upande unaolala. Mmeponea chupuchupu na hamjui.

Na hata hivyo jukwaa la nini? Wale kwenye video wanasimama kwa sababu wanarusha chambo cha bandia mbali, wanavuta, wanarusha tena, siku nzima, na boti inasogezwa kimyakimya na kimashine cha umeme. Ndiyo maana ya ile betri kubwa. Sisi mshipi wa mkono tunaushusha chini ya chombo, juu ya mwamba, nanga imeshika. Samaki kama changu unamvuta umekaa.

#18 DebeTupu

Nahodha, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu. Miezi kumi na minne nimebeba jukwaa ambalo sikuwahi hata siku moja kuvua nikiwa juu yake. Shemeji alikuwa analalia.

#19 KibuaMkavu

Nakubali sasa siyo chai. Tuambie unazibaje.

#20 DebeTupu

Nimeanza na kosa jipya, nikiri kabla hamjaniuliza. Nilimwita fundi wa kuchomelea, wa mageti, hodari kwa mageti. Akasema alumini ni chuma tu. Kitundu cha punje ya mtama sasa kinapita kidole gumba.

#21 FundiBaridi

Ulipaswa kuuliza kwanza. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, ile ngozi yake ya oksidi haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000. Kwa hiyo fundi anapasha juu, haoni dalili, rangi haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma, ghafla chini yote inadondoka. Inatakiwa mashine ya gesi ya agoni, umeme wa kubadilikabadilika, waya wa 5356, na bati liwe safi kama sahani. Bati la milimita mbili lililolowa chumvi mwaka mzima, hata mwenye mashine hiyo atasita.

Wewe fanya kiraka cha ribiti. Tafuta bati la 5052, milimita mbili. Lisiwe bati la kutengenezea sufuria, lile ni laini mno. Kata kiraka mviringo, kisiwe na kona, kizidi tundu sentimita tano kila upande. Kwenye ncha za ufa, ukiwepo, toboa kitundu kidogo ufa usisafiri. Ribiti za kuvuta zipo za aina mbili: zile za kawaida zina tundu katikati, maji yatapita. Taka zile zilizofungwa mwisho kama kofia. Chini ya kiraka paka Sikaflex, ile ya polyurethani wanayobandikia vioo vya magari. Silikoni inayonuka siki usitumie, ile asidi yake inakula bati na haishiki kwa muda mrefu.

#22 DebeTupu

Bati na ribiti za kofia nimeagiza Dar, zimekuja na basi la usiku. Sikaflex nimeipata hapahapa kwa mafundi wa vioo.

Kabla ya viraka nikafanya jaribio nililosoma: badala ya kuitia boti majini, tia maji ndani ya boti. Nikaipandisha kwenye magogo manne, sehemu tofauti ili tumbo lisipinde, nikamwaga ndoo kumi tu, ndoo moja ni kilo 20 msisahau, kisha nikalala chali chini na kalamu ya wino mzito. Mama watoto alitoka jikoni akanikuta chini ya boti yenye maji nikichora duara. Hakusema kitu. Akarudi jikoni.

Vitundu vitatu nilivyovijua, na ribiti kumi na tisa zinazotoa machozi. Kumi na tisa! Nyingi ziko gubeti, pale panapopigwa na mawimbi.

#23 FundiBaridi

Ribiti inayolia haitolewi moja kwa moja. Inakazwa. Mtu mmoja nje ashike kichwa cha nyundo nzito, ratili nne au tano, akikandamize kwenye kichwa cha ribiti. Wewe ndani, nyundo ndogo, gonga mkia mara tatu nne. Usikie mlio ukibadilika kutoka "tak" kuwa "tik". Isiyokubali, toa kwa drili, weka mpya.

#24 DebeTupu

Shemeji nje, mimi ndani. Kumi na tano zimekubali. Tatu nimezitoa na kuweka mpya. Moja ya gubeti inajitia imekubali. Mtaa mzima umejua tunafanya nini, yule mzee wa jarife amehamia mkungu wa mbali.

Sasa ubao wa nyuma, unaobeba mashine. Plaiwudi yake ya kiwandani imeoza katikati, bisibisi inaingia kama kwenye muhogo. Niweke nini?

#25 MzeeWaKigombe

Mvule.

#26 WaMuheza

Mtiki wa Longuza, ndugu. Uko huku kwetu Muheza, una mafuta yake mwenyewe, haupindi. Usinunue ile plaiwudi nyeusi ya duka la vifaa vya ujenzi wanayoiita "marini". Ile ni ya kumwagia zege.

#27 FundiBaridi

Vyote viwili vinafaa. Unene wa sentimita nne, ukipaka epoksi pande zote sita, hasa ncha zilizokatwa na ndani ya kila tundu la bolti. Maji huingilia kwenye tundu, hayaingilii usoni. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na hapo pia usiruhusu kigusane na alumini kikavu. Kata wosha kutoka kwenye dumu bovu la plastiki, paka Sikaflex, ndipo ukaze. Wosha za tyubu la tairi usitumie. Ule mpira mweusi una masizi ndani, unapitisha umeme kidogo.

Pima kimo kabla ya kukata. Mashine ya mguu mfupi inataka ubao wa sentimita 38, ya mguu mrefu 51. Ukikosea, ama unavuta hewa ama unaburuta nanga.

#28 KitiChaMbele

Wosha za dumu. Tanga raha.

#29 NahodhaMstaafu

DebeTupu, ulipong'oa viti vya asili vya boti kupisha jukwaa, ndani yake mlikuwa na nini?

#30 DebeTupu

Foomu nyeupe, nahodha. Niliitupa. Nilitaka nafasi ya kuweka nyavu.

#31 NahodhaMstaafu

Nilijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakuzuia kwenda chini. Mtumbwi ukijaa maji unabaki unaelea, mbao ni mbao. Bati likijaa maji ni jiwe.

Piga hesabu. Alumini ndani ya maji ya bahari inapoteza kama kilo 38 katika kila 100. Boti yako ikiwa na kilo 90, bado kilo 56 zinataka kuzama. Ongeza mashine, karibu 30. Uko kwenye 86, na wewe na shemeji mtataka kushika kitu.

#32 DebeTupu

Nikanunue maboksi ya foomu ya televisheni? Yapo mengi kwenye maduka.

#33 FundiBaridi

Mwaga tone la petroli juu ya foomu ile uone. Inayeyuka kama sukari kwenye chai. Na wewe tangi lako liko palepale.

#34 MzeeWaKigombe

Madumu.

#35 NahodhaMstaafu

Mzee amemaliza. Dumu la lita 20 likifungwa vizuri linabeba karibu kilo 19. Sita ni kilo 114. Vifuniko vipakwe gundi, yafungwe kwa kamba imara pembeni, juu kadiri inavyowezekana, chini ya viti. Ukiyaweka yote chini kabisa, siku boti ikijaa itageuka tumbo juu. Yakiwa pembeni na juu itabaki imekaa, nanyi mmo ndani mnafua maji. Tena vaeni majaketi okozi, madumu ni ya boti, si yenu.

#36 DebeTupu

Viti nimevirudisha, vitatu, kwa bati lililobaki na mtiki. Madumu sita ya mafuta ya kula, mawili kila kiti, kulia na kushoto. Mama watoto ameuliza yale ya maji yako wapi, nikamwambia haya ni ya mafuta, akahesabu mwenyewe.

Umeme nimepunguza hadi aibu. Betri ya 12V 7Ah, ile ndogo ya yuupiesi ya kompyuta, kilo mbili na kitu, ndani ya kopo lenye mfuniko. Inawasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Pampu sikuweka. Nina upo wa kufulia maji, wa dumu lililokatwa, na upo haumalizi chaji.

#37 FundiBaridi

Sawa. Waya hasi usiufunge kwenye mwili wa boti kama wanavyofanya kwenye gari. Waya mmoja uende mpaka kwenye taa na mmoja urudi, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri upande wa chanya. Umeme ukipotelea kwenye bati, utakula boti kuliko ile shaba yako. Na hiyo taa moja nyeupe inatosha kisheria kwa boti ya chini ya mita 7, ila tu kama boti yenyewe haiwezi kuvuka noti 7, yaani maili 7 za bahari kwa saa. Farasi 15 zinaweza kuvuka. Kwa hiyo weka na nyekundu kushoto, kijani kulia.

#38 DebeTupu

Sakafu: hakuna sakafu. Nimetengeneza vichaga vitatu vya mtiki, vinanyanyuliwa kwa mkono mmoja, kilo kumi vyote. Juu yake vipande vya mpira wa kandambili, ili mguu usiungue mchana na nanga isipige kelele. Nikirudi natoa vyote, namwaga madumu mawili ya maji matamu, naiacha wazi ikauke.

Hesabu mpya: vichaga 10, betri 3, mashine 36, mafuta 20, nanga 10, madumu 6, watu 150. Ni 235. Nimebakiwa na kilo 82 za barafu na samaki kwa kibao, na kwa hesabu ya nahodha nirudi kuvua na mtoto badala ya shemeji.

#39 BintiChumbageni

Shemeji asome hapa.

#40 NahodhaMstaafu

Kabla hujashusha, chombo kimebadilika ubao wa nyuma na viti. Wapelekee TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wakikague, na leseni yako ya uvuvi iwe mkononi. Usingoje kukutwa majini.

#41 DebeTupu

Amekuja mkaguzi, ameizunguka mara mbili, amecheka madumu kisha ameyavuta kwa nguvu zake zote. Yamekaa.

Jana tumeshusha. Maji mafu, saa kumi na mbili asubuhi, matlai, upepo wa asubuhi, haijaamka. Hakuna sherehe, tulikuwa mimi, shemeji na yule mzee wa jarife aliyekuja akijidai anatafuta kamba yake. Boti ilikaa juu ya maji tofauti kabisa. Zamani nyuma ilikuwa inazama mpaka vidole vinne kutoka kwenye ukingo, jana ilikuwa karibu shibiri moja. Kwa robo ya mafuta niliyokuwa nachoma zamani tulikuwa tumeshaipita Toten.

Tukatia nanga nyuma ya Ulenge. Changu, tasi wawili, na chewa mmoja wa kilo tatu aliyetuchosha. Kilo kumi na moja kwa jumla. Kelele bado ipo, wimbi likipiga tumbo bapa ni ngoma kweli, mpira wa kandambili umepunguza tu. Saa tano upepo ukaanza, tukarudi. Nilifua maji mara mbili, upo nane au tisa.

Kufika pwani mzee akaja, akaiinamia gubeti, akapitisha kidole chake kwenye ribiti moja, akanionyesha. Kimelowa. Ni ileile iliyojitia imekubali. Akaipiga konzi boti, akasikiliza, akauliza kesho tunatoka saa ngapi.

FundiBaridi, hiyo ribiti niigonge tena?

#42 FundiBaridi

Umeshaigonga mara ngapi?

#43 DebeTupu

Mara tatu. Ya nne aligonga shemeji kwa hasira.

#44 FundiBaridi

Tundu limeshapanuka. Toa kwa drili, weka ya saizi inayofuata, Sikaflex, usiende kesho. Mwambie mzee keshokutwa.

#45 KitiChaMbele

Na picha.